Sufuri Ishirini za Muuguzi Felisa

Wanafunzi wakiisikia methali isemayo "Mficha uchi hazai", huinamisha vichwa wakacheka chini kwa chini, na mwalimu mwenye haya huipita mbio kama anayekanyaga makaa. Wala hakuna cha kuchekwa. Maana yake ni kwamba anayeisitiri shida yake, iwe kwa aibu au kwa kiburi, asitarajie wa kumsaidia, kwani hakuna mkunga aliyewahi kuzalisha shuka. Kama kuna mtu aliyestahili kuijua maana hiyo kuliko sisi sote, mtu huyo ni Felisa Sumagaysay, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya umma mjini Iloilo. Alikuwa ameipokea nusu ya mitaa ya mji ule kwa mikono yake miwili. Bado ikamshinda.

Felisa alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Wodi yake ilikuwa na vitanda ishirini na akina mama arobaini, kwa hiyo kila kitanda kililaliwa na wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, matumbo yao yakigusana kama ndugu waliogombana na kupatana. Zamani aliwajua wote kwa majina, na majina ya waume zao, na ya mbwa wao pia. Lakini kwa miaka miwili sasa majina yalikuwa yamemtoka. Aliwaita Tatu Kulia, Kumi Kushoto, Tisa Kulia, nao waliitikia, wangefanyaje? Asubuhi nyumbani kwake aliweza kuketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na ya pili mkononi, mpaka wali wa kiamshakinywa ukapoa. Na kila siku, kabla ya saa sita mchana, aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, akauzika uso wake katika shuka safi na kulia huku akihesabu hadi mia moja. Akifika mia, alitoka uso mkavu. Hakuna aliyejua, naye alijipongeza kwa hilo.

Uchovu, hata hivyo, sio uliomkosesha usingizi. Aliyemkosesha usingizi ni Jessabel Palmares.

Jessabel alikuwa na miaka mitano tu katika wodi ile, na tayari ilikuwa kana kwamba wodi ilijengwa kwa ajili yake. Aliimba akitandika vitanda. Alikumbuka majina. Jamaa za wagonjwa walikuja na maembe, na wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, wakipita mbele ya Felisa wakiuliza, "Samahani, Manang, Jessabel yuko wapi?" Manang! Dada mkubwa! Kila aliyekuwa mdogo kwake alimwita hivyo kwa heshima, lakini likitoka katika mdomo wa mtu anayemtafuta Jessabel, neno lile lilimchoma kama pilipili kwenye kidonda. Tena Madamu Villanera, mkuu wa wodi, alikuwa anastaafu mwezi wa Desemba. Kiti chake Felisa alikuwa amekitazama kwa miaka kumi na tisa. Alijua hata mguu wake upi umelegea. Sasa kila alipomwona Madamu akicheka na Jessabel, moyo ulimwambia: Kiti kinakwenda, mama, na wewe umesimama unatazama.

Husuda ikishaingia mtu haikosi chakula. Siku moja daktari alitaka Tisa Kulia apimwe njia. Huyo alikuwa Marivic, binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, aliyelazwa kwa ajili ya presha na kuamriwa asitoke kitandani mpaka siku zake zitimie. Binti alikuwa na haya isiyo na mfano. Aliishika shuka kwa mikono miwili mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Funua hiyo shuka!" Felisa alifoka. "Mtoto atapita wapi, dirishani? Ulipokuwa unaipata hiyo mimba ulijifunika hivyohivyo?"

Wodi nzima ikacheka. Marivic akaivuta shuka mpaka machoni.

Ndipo Jessabel akaja, akaketi kando yake, akajitupia shuka ya pili kichwani kama mzimu. "Inday Marivic," akasema kutoka ndani, akimwita Inday kama anavyoitwa huko binti mdogo anayependwa, "mimi nami naona haya. Tuhesabu tatu, tufunue pamoja. Wewe chini, mimi juu." Marivic alicheka mpaka akalegea, na kipimo kikafanyika. Teodora, muuza samaki aliyekuwa Tisa Kushoto, mama mnene mwenye ugonjwa wa sukari na ulimi usiolala, akasema kwa sauti, "Huyu ndiye muuguzi! Yule mwingine angefaa kuwa askari jela." Felisa alisikia. Alijifanya anapanga dawa, na siku hiyo katika stoo ya mashuka alihesabu mpaka mia mbili.

Mwezi wa Oktoba akaja Dokta Quimpo, mtaalamu wa saikolojia, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na mkoba uliojaa karatasi. Alikuja kupima uchovu wa kazi, ule unaomla mtu rohoni akabaki ganda linalotembea. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na hojaji ya ukurasa mmoja: sentensi ishirini, na mbele ya kila sentensi uandike tarakimu. Sufuri maana yake kamwe, sita maana yake kila siku. Jina haliandikwi. Unachagua bahasha yenye namba, unaikumbuka namba yako, basi.

"Hakuna kushinda wala kushindwa," alisema Dokta Quimpo. "Na chini kabisa kuna kisanduku. Ukitaka tuzungumze, kitie alama na uandike simu yako. Usipotia alama, sitakujua, wala sitakutafuta."

Angesema maneno hayo kwa ukuta yangeeleweka zaidi. Kabla dokta hajamaliza kugawa kalamu, uvumi ulikuwa umeshazunguka meza: ukuu wa wodi atapewa asiyechoka. Nani aliuanzisha? Hakuna aliyejua. Felisa aliumeza mzimamzima.

Walizijaza karatasi pamoja saa ya vitafunio, kama wafanyavyo watu wa huko kwa kila karatasi inayotoka ofisini, bakuli za mchuzi wa tambi zikipita juu ya hojaji, kila mmoja akiuliza jirani yake ameandika nini. Jessabel ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote.

"'Naamka nimechoka hata kabla ya kazi.' Jamani! Nani aliwaambia? Sita! Manang Felisa, wewe umeandika ngapi?"

"Soma yako," Felisa alijibu, akiikinga karatasi yake kwa mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"'Natamani kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita.' Sita. Haki ya Mungu ingekuwepo saba ningeandika saba." Jessabel alicheka, lakini macho yake yalilengwalengwa na machozi, na hakuyafuta. Akatia alama kwenye kisanduku, akaandika namba ya simu waziwazi, wote wakiona.

Felisa hakuamini bahati yake. Mwimbaji amechoka! Kipenzi cha wodi, kumbe ganda tupu! Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Alisoma sentensi tano za kwanza, zote za uchovu, na mbele ya kila moja kalamu yake ilisita, kwa sababu ukweli ulikuwa sita, sita, sita. Akaandika sufuri. Kuanzia ya sita hakusoma tena. Alishuka nayo karatasi kutoka juu hadi chini, sufuri, sufuri, sufuri, kama anayetunga shanga. Kisanduku alikiacha kitupu. Akafunga bahasha yake, namba thelathini na moja, akailamba gundi kwa uhakika.

Hakuishia hapo. Jioni ileile alimfuata Madamu Villanera ofisini.

"Madamu, mimi si mtu wa maneno," alianza, na ukimsikia mtu anaanza hivyo jua maneno yanakuja. "Ila Jessabel hali yake si nzuri. Ameandika sita kila mahali. Nasema tu kwa ajili ya wagonjwa."

Madamu alimtazama juu ya miwani. "Ameshakuja kuniambia mwenyewe, Felisa. Dokta amempa wiki mbili za kupumzika. Shida yangu ni nani atashika vitanda vyake."

"Nipe mimi."

"Vyote kumi? Juu ya vyako?"

"Mimi sijachoka, Madamu. Sijawahi kuchoka."

Madamu alitazama droo ya meza yake, kisha akasema, "Kama una hakika." Ndivyo Felisa alivyojitwika gunia ambalo hata punda angelikataa.

Alitarajia raha. Mshindani wake ameondoka kwa aibu, wodi yote ni yake. Lakini siku ya tatu simu yake ikalia, na katika kundi la wauguzi ikaingia picha: Jessabel kisiwani Guimaras, amelala kwenye bembea ya wavu chini ya paa la makuti, mdomo umejaa embe. Siku ya tano, Jessabel akioga baharini. Siku ya nane, Jessabel akiwa amelala, hivyohivyo tu, amelala fofofo, na mama yake ameandika chini: "Saa kumi na nne mfululizo!"

"Mgonjwa gani huyu anayekula embe?" Felisa aliuliza hewa. Wivu ambao alidhani umeshiba ukaanza upya, mkali zaidi. Kwanza alimwonea Jessabel wivu kwa kupendwa. Sasa alimwonea wivu kwa usingizi. Aliwatazama akina mama arobaini, akatazama picha, akaona amepunjwa, naye ndiye aliyejipunja. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na bado akiulizwa hali alijibu, "Mzima kama chuma."

Siku ya kumi na mbili, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, alikuja na trei ya sindano za insulini. Alikuwa ametoka stoo ya mashuka, macho mazito. Tisa Kushoto, sindano. Hakuuliza jina. Hakutazama hata uso. Aliona mkono upande wa kushoto, akaupangusa, akachoma, akaandika, akaenda.

Nusu saa baadaye mlango wa wodi ulifunguliwa na kikapu cha maembe kikatangulia kuingia. Alikuwa Jessabel, nguo za nyumbani, uso umenawiri. Likizo ilikuwa haijaisha, lakini mtu wa Iloilo hatoki safarini mikono mitupu, na maembe hayangojei. "Nani alinikumbuka?" aliita, na wodi yote ikapiga kelele. Akaanza kugawa, kila mtu kwa jina lake, mpaka kitanda cha tisa.

"Marivic! Mbona jasho hivi? Marivic?"

Binti alikuwa analowa. Midomo ilikuwa inacheza bila maneno, na mikono ikitetemeka juu ya tumbo.

"Huyu ana sukari ya chini," Jessabel alisema, na sauti yake haikuwa ya kuimba tena. "Teodora, wewe umechomwa sindano yako leo?"

"Mimi? Bado! Nasubiri tangu asubuhi," Teodora alijibu akijinyanyua. "Si tulibadilishana upande jana usiku na huyu mtoto, joto linaniua, nikaja huku kwenye feni. Hee! Nilijua tu wamenisahau!"

"Kwa nini hukusema, Inday?" Jessabel alimuuliza binti, lakini Marivic hakuweza kujibu. Kumwambia muuguzi yule mkali kwamba amekosea? Yeye aliyekuwa akiona haya hata kuomba maji?

"Manang!" Jessabel aligeuka. "Umemchoma nini huyu?"

Felisa alikuwa amesimama katikati ya wodi. Macho ya akina mama arobaini yalikuwa juu yake. Insulini huweza kufichwa. Angesema hajui, ni presha, ni joto. Wakati wanapima na kutafuta, angeifuta ile karatasi ya dawa. Ukisema, kiti ni cha huyu mwenye maembe, moyo ulimwambia. Nyamaza. Umenyamaza miaka miwili, unashindwa nini dakika mbili? Akafungua mdomo kusema, "Sijui." Alilisema neno hilo? Wengine wanasema alilisema. Kisha macho ya Marivic yakageuka juu yakabaki meupe, na mkono wake ukaiachia shuka.

"Insulini!" Felisa alipiga ukelele. "Nimemchoma insulini ya Teodora! Mimi! Nusu saa iliyopita! Leteni glukosi, jamani, mtaniulia mtoto!"

Mambo mengine yalikwenda mbio. Jessabel aliupata mshipa kwa mara ya kwanza. Glukosi ikaingia. Daktari akaja anakimbia, na kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto kikawekwa juu ya tumbo, na kwa muda ambao Felisa hakuweza kuuhesabu, yeye aliyezoea kuhesabu mpaka mia, hakikusikika kitu. Halafu kikasikika. Tuku, tuku, tuku, haraka, kama mtu anayebisha mlango wake mwenyewe. Marivic akafumbua macho, akamwona Felisa amepiga magoti sakafuni anabubujika machozi mbele ya wodi nzima, bila shuka ya kujifichia.

"Manang," alinong'ona, "mbona unalia?"

"Nimechoka," Felisa alisema. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka siku nyingi."

Alasiri waliketi watatu ofisini kwa Madamu Villanera: Madamu, Felisa, na Dokta Quimpo aliyeitwa. Felisa aliandika taarifa ya kosa lake kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Kisha akamgeukia Dokta Quimpo. "Bahasha yangu ilikuwa namba thelathini na moja."

Dokta akashusha pumzi. Aliitoa karatasi mkobani bila kuitafuta. "Wiki mbili natembea nayo. Nilikuwa nikijiuliza, huyu ni nani? Hapa umesema hujawahi kuchoka. Haya. Lakini soma ya tisa."

Felisa alisoma. "Nawajua wagonjwa wangu kwa majina." Sufuri.

"Ya kumi na tatu."

"Kuna siku natoka kazini nikiwa na furaha." Sufuri.

"Ya kumi na nane."

"Naona kazi yangu ina faida kwa watu." Sufuri. "Hizi sikuzisoma, Dokta. Niliandika tu."

"Najua. Kwenye zile ulizozisoma ulidanganya. Kwenye hizi ambazo hukuzisoma, umesema kweli." Dokta aligusa kisanduku kitupu. "Ungetia alama hapa ningekuja siku hiyohiyo. Sikuwa na namna ya kukujua."

Madamu Villanera alivua miwani yake. Alivuta droo, akatoa barua iliyopigwa chapa vizuri, akaisukuma mezani. Felisa aliliona jina lake. Felisa B. Sumagaysay, anapendekezwa kuwa mkuu wa wodi. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa Agosti.

"Agosti?" aliuliza.

"Agosti. Kabla ya hojaji, kabla ya kila kitu. Jessabel nilimuuliza tu kama atakuwa msaidizi wako. Akaniambia, Madamu, nikiongezewa hata kijiko nitaanguka." Madamu aliikunja barua mara mbili. "Siwezi kuipeleka sasa, Felisa. Laiti ungeniambia jioni ile uliponijia na habari za mwenzako. Ningekupa wiki zako mbili, na Desemba kiti kingekungoja."

Miezi yote ile Felisa alikuwa akimchukia mtu ambaye hakuwa hata katika mashindano. Alipotoka alimkuta Jessabel mlangoni na embe moja la mwisho. "Nimekuwekea, Manang," alisema. Felisa alitamani kulikataa, kwa maana wivu haufi siku moja. Akalipokea. Akalila pale pale kwenye benchi, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, wakati Dokta Quimpo akimngoja na hojaji mpya. Safari hii alisoma zote ishirini. Kwenye kisanduku alikaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Alipumzika wiki nne. Desemba kiti cha Madamu Villanera kilichukuliwa na mtu kutoka wodi ya watoto, pamoja na ule mguu wa kiti uliolegea. Felisa alirudi akiwa muuguzi wa vitanda vitano, na siku aliyorudi uchungu ulikuwa umemshika Marivic. Binti alikuwa chumba cha kuzalia, ameibana shuka kwa mikono miwili, vidole vyeupe vilevile.

"Marivic," Felisa alisema, akiketi kando yake.

Binti aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa jina lake na mdomo ule.

"Mimi nilijifunika miaka miwili, mwanangu, nusura nikuue. Nimekosa kiti, nimekosa usingizi, nimekosa kila kitu isipokuwa wivu. Usinifuate. Funua."

Marivic alimtazama, kisha vidole vyake vikalegea kimoja kimoja. Kabla ya adhuhuri akapatikana mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele za kuiamsha wodi nzima, naye Felisa akamwinua juu kwa mikono iliyotulia, akimuuliza mama yake ataitwa nani, ili alikumbuke jina hilo. Ama kweli, mficha uchi hazai.